Wameru Walipokataa Kuhama
Mazungumzo kwa viongozi wa walei, Mapinga



Ndugu wapendwa, hapa pwani tukitaja upinzani dhidi ya ukoloni, fikra zetu humwendea kwanza Abushiri bin Salim, aliyeinuka kwa silaha mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Ushujaa wake hatuubishii. Lakini leo nimechagua kisa cha mbali, kwa sababu kinahusu ardhi, na kwa sababu nimesikia mapanga yakitajwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo.

Mwaka 1951 serikali ya Uingereza, iliyoitawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliamua kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya mifugo. Sehemu ya ardhi hiyo Wameru walikuwa wameinunua kwa mali yao wenyewe. Waliahidiwa fidia na mahali pengine, Kingori. Wakaikataa fidia, wakakataa na kuhama. Mwezi Novemba askari walifika. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakuinua silaha, wala hawakutoa ridhaa.

Nawaomba mlitazame hili kwa makini, maana wengi wetu hudhani kwamba asiyepigana ameufyata. Wameru hawakunyamaza. Waliandika malalamiko, wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza jinsi watu wake walivyotendewa. Serikali iliyozoea kusema kwa niaba ya Waafrika ikalazimika kumjibu Mwafrika hadharani.

Je, walishinda? Siku ile, hapana. Katika Baraza Kuu azimio lililowatetea lilikosa theluthi mbili ya kura, na waliofukuzwa wakabaki wamefukuzwa. Sipendi kuwaficha hilo. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka nchini akisimulia, na watu wa makabila mengine wakaiona kesi ya Meru kuwa yao. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye akaenda New York, kwenye Baraza lile lile la Udhamini.

Kwa jirani zetu wa Kenya, ambako ardhi ilikuwa kiini cha ugomvi vilevile, hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na maelfu wakafa. Siwahukumu waliokwenda msituni.

Sasa turudi Mapinga. Wameru waliweza kusema kwa sababu walikuwa na kamati waliyoiamini na ushahidi mkononi. Jumapili ijayo, baada ya Misa, kila jumuiya ije na karatasi ilizo nazo: hati, stakabadhi, mihtasari ya vikao. Wazee wanaoikumbuka mipaka waje nao, hata wasiojua kusoma. Maneno yao yataandikwa.