Kisukari Hakisubiri Turudi Nyumbani

(Hotuba ya wakimbizi wanaoishi na kisukari, iliyosomwa mjini Kigali katika kuadhimisha Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba)



Tunasimama mbele yenu kwa niaba ya watu wanaochoma sindano au kumeza vidonge kila siku ili kesho waamke. Baadhi yetu ni wazee, wengine ni watoto wa shule. Tumeombwa tueleze jinsi ya kuishi vizuri na ugonjwa usiopona. Tutaeleza yale tunayoyaishi.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Chakula tunacholiwa hugeuka sukari ndani ya damu, na mwili huhitaji insulini ili sukari hiyo iingie mahali pa kufanya kazi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, mwili hautengenezi insulini, naye hawezi kuishi bila sindano. Kwa mwenye aina ya pili, insulini ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Wengi hutumia vidonge, na wengine hufika kwenye sindano. Dalili zinafahamika: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, uchovu, macho kuona ukungu. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anakunywa maji mengi na anakonda, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, msingoje kuche.

Huu si ugonjwa wa matajiri, kama wengine wanavyosema, na wala si kurogwa. Tumewaona watu wakizungushwa kwa waganga mpaka wakafika hospitali wamezimia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayetaka kusali asali, nasi tunasali. Lakini sindano isiachwe kwa sababu ya sala.

Ndugu zetu, mkimbizi amezoea kungoja. Anangoja amani, anangoja majina yatoke, anangoja safari ya kwenda nchi ya tatu. Wenzetu wengine huuchukulia ugonjwa vivyo hivyo: "Nitajitunza vizuri nikishafika." Kisukari hakingoji. Macho, figo na mishipa ya miguu huharibika taratibu hapa hapa kambini, tena bila maumivu. Mwili tutakaorudi nao nyumbani, au kwenda nao ng'ambo, ni huu tunaoutunza leo.

Sasa tuseme jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni njaa. Kitabu cha daktari kinamwambia mgonjwa ale kwa saa na kwa kipimo. Sisi tunakula kwa kadiri ya msaada unaopatikana. Mnakumbuka kwamba Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika kupunguza msaada wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Kwa mtu mzima wa afya, upungufu kama huo ni njaa. Kwa anayechoma insulini, unaweza kuwa kifo cha usiku mmoja, maana kuchoma dozi ile ile bila kula hushusha sukari mno. Kuacha sindano kabisa nako ni hatari, hasa kwa mwenye aina ya kwanza. Njia iliyo salama ni moja: chakula kinapoanza kupungua nyumbani, mwone muuguzi mapema, kabla sufuria haijakauka, akupangie dozi upya. Usijipangie mwenyewe, wala usione haya kusema, "Nyumbani hakuna chakula." Muuguzi hawezi kulijua hilo kwa kutazama karatasi.

Kila jirani naye azijue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, hasira zisizo na sababu. Watu humdhania amelewa. Akiwa anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari, mngoje dakika 15, mkaone kama amepata nafuu. Kama bado, mrudie, kisha apate chakula. Akiwa amezimia, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbieni kutafuta msaada. Ndiyo maana mgonjwa hutembea na sukari kidogo mfukoni. Msimcheke.

Kuhusu chakula chenyewe, hatuna cha kuchagua sana, lakini kidogo tunachoweza kinasaidia. Maharage yawe mengi kuliko ugali kwenye sahani. Sombe, lengalenga na mboga nyingine za kandokando ya nyumba zisikosekane zinapopatikana. Chai na uji vinyweke bila sukari, na soda tuiache kwa siku ile sukari inaposhuka. Mwenye aina ya pili, akitembea nusu saa kila siku kwenye milima hii ya Rwanda, anausaidia mwili wake bila kulipa hata faranga.

Miguu itazamwe kila jioni, hata katikati ya vidole. Anayeishi na ugonjwa huu siku nyingi huweza kukanyaga msumari asisikie. Asitembee peku, asiote moto kwa nyayo, na kidonda kidogo akipeleke kituo cha afya kikiwa bado kidogo.

Wengi wametuuliza insulini itakaaje katika nyumba isiyo na umeme. Chupa ambazo hazijaanza kutumika zibaki kwenye friji ya kituo cha afya. Ile unayoitumia iwekwe kivulini, mbali na jiko na mbali na bati la paa. Njia ya wazee wetu ya kupoza maji inafaa: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi. Chupa ikae katika chungu cha ndani, isiguswe na maji. Tunafurahi kuwaambia kwamba jambo hili limepimwa, tena kutokana na maisha ya kambi kama zetu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, lililokuwa kati ya nyuzi 25 na 37. Katika matokeo waliyotoa 2021, walionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto hilo ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye friji. Kwa hiyo kukosa friji kusimfanye mtu alazwe wodini miezi mizima, wala aende kituoni mara mbili kila siku kwa ajili ya sindano tu. Wauguzi wetu walizungumze hilo na kila mgonjwa.

Tungependa pia vijana wajue habari ya mkimbizi mmoja wa zamani. Eva Saxl alizaliwa Prague mwaka 1921. Yeye na mumewe Victor waliukimbia utawala wa Hitler, wakafika Shanghai, China, na huko ndiko alikopatwa na kisukari. Vita vya Japani vilipopamba moto kuanzia Desemba 1941, insulini ikaadimika. Rafiki yao mmoja akafa kwa dawa ya magendo. Basi wakaazima chumba cha maabara, wakasoma katika kitabu cha udaktari, wakachukua kongosho za nyati wa majini, wakatengeneza insulini ya rangi ya kahawia, wakaijaribu kwa sungura kabla ya Eva kujichoma mwenyewe. Dawa ile iliwaweka hai watu zaidi ya 200 mpaka vita vikaisha. Eva aliishi hadi mwaka 2002. Hatuwaambii mtengeneze dawa nyumbani. Hilo lingeua watu. Tunawaambia kwamba wakimbizi walioungana walipita katika shimo lililo refu kuliko letu. Na tunakumbusha: insulini ya kununua sokoni au kwa mtu asiyejulikana usiichome.

Hapa Kigali milango ipo. Chama cha Wenye Kisukari cha Rwanda kilianzishwa 1997, nacho kimefundisha wengi kujitunza. Tangu 2016 kuna Jumapili ambazo baadhi ya barabara za mji hufungwa magari, watu wakafanya mazoezi na kupimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo. Wakimbizi wanaoishi mjini waliingizwa katika mituweli kuanzia 2019. Asiyejiandikisha ajiandikishe kabla hajaugua. Walio kambini waanzie kituo cha afya cha kambi, ambako ndiko hutoka barua ya kwenda hospitali kubwa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tuna maombi manne. La kwanza, msaada wa chakula unapobadilika, kituo cha afya kijulishwe kabla ya siku ya mgao, ili dozi zipangwe. La pili, wagonjwa wa muda mrefu watazamwe wakati wa kuchagua nani apunguziwe msaada. La tatu, watu wanapohamishwa, kama walivyohamishwa wa Gihembe kwenda Mahama mwaka 2021, kila mgonjwa asafiri na karatasi zake na dawa za mwezi mzima mkononi. La nne, wafundishwe wagonjwa wachache kila kambi ili wawafundishe wenzao kwa lugha wanayoielewa.

Kwa wazazi: msiwafiche mabinti zenu wenye kisukari mkiogopa hawataolewa. Wanasoma, wanaolewa, na wanazaa kwa uangalizi wa daktari. Kwa walimu: mtoto mwenye kisukari akiomba kutoka nje au kula darasani, mruhusuni.

Na kwa wenzetu tunaoshiriki ugonjwa huu: tukutane, tuhesabiane. Asiyeonekana siku ya kliniki, mmoja wetu abishe hodi kwake jioni ile ile.