Boda Boda Mmoja, Majina Arobaini
Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi, Busia na Malaba

Makatibu wengi wananiuliza: tutapelekaje barua pepe moja kwa wanachama wengi, na wote waipate? Si swali dogo. Mama akikosa taarifa ya mkutano wa mikopo, huenda amekosa mtaji wa msimu mzima.

Hebu tufikirie boda boda, kazi iliyozaliwa kwa baiskeli hapa hapa mpakani. Tuseme wanachama 40 wako Malaba na tangazo ni lile lile. Je, utatuma boda boda 40 kutoka Busia? Hapana! Utatuma mmoja, na karatasi moja na orodha ya majina. Nakala zitatolewa huko huko.

Seva, yaani kompyuta inayopokea na kusambaza barua, ikipangwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Inatazama anwani baada ya alama ya @. Wenye sehemu moja inawaweka pamoja. Inabisha hodi kwa seva yao mara moja, inataja majina moja moja, halafu inatoa barua mara moja tu. Kanuni ya kazi hiyo iliandikwa mwaka 1982, nayo inataka kila seva iweze kupokea angalau majina 100 kwa barua moja.

Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nairobi ilifanya hivyo. Barua zilikusanywa, zikabanwa zichukue nafasi ndogo, zikapelekwa kwa simu hadi GreenNet, London. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali, kwa hiyo walipakia mzigo pamoja.

Basi katibu ashike haya:

Kwanza, andika majina mahali pa BCC, ili mmoja asione anwani za wenzake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Anwani ya mtu haigawiwi ovyo.

Pili, safisha orodha. Barua ikirudi ikisema jina halipo, lifute. Ukigonga kila mara milango isiyo na watu, seva itakudhania tapeli, na hata barua za wanachama halisi zitatupwa kwenye taka.

Tatu, usibebeshe picha kubwa. Anayesoma kwa simu analipia bando. Andika siku, saa na mahali, yatosha.

Nne, seva ya upande wa pili isipopatikana, usitume tena na tena. Seva yako huweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5.

Na wale wasio na barua pepe je? Kila mmoja apewe jirani wa kumfikishia habari, na jina la jirani huyo liandikwe kitabuni. Kabla ya mkutano ujao, katibu na mweka hazina wakae jioni moja wapitie orodha jina kwa jina.