Nywele kwenye Chanuo

Msikilizaji, huenda ulianza sindano ya kupunguza uzito, kilo zikashuka, na mwezi wa tatu ukaona chanuo limejaa nywele. Usishtuke. Wegovy, mojawapo ya sindano hizo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, ilipojaribiwa, nywele ziliwanyonyoka watu wazima 3 katika kila 100 walioitumia, na 1 katika 100 waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Mara nyingi chanzo si sumu ya dawa. Mwili unaopungua kwa kasi, huku hamu ya kula imekatika, hubana matumizi: nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Mzizi hubaki hai, na kwa kawaida nywele huota tena baada ya miezi kadhaa.

Kula protini kila mlo, hata kama ni kidogo: maharage, dagaa, mayai. Mwombe daktari akupime damu, kwani upungufu wa madini ya chuma nao hunyonyoa nywele. Na wewe mwenye kisukari unayetumia sindano hizi, tafadhali, usiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari.