Cheti kwenye kioo si breki kwenye gurudumu

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze habari ya karatasi. Nazikusudia karatasi mbili ambazo mwenye gari huziweka tayari kwa ajili ya askari wa usalama barabarani: hati ya bima na cheti cha ukaguzi. Ya kwanza husema kwamba gari hili likimwumiza mtu, yupo wa kulipa. Ya pili husema kwamba gari hili lilitazamwa na mjuzi, naye akaona linafaa kutembea barabarani. Je, karatasi hizo zinasema kweli?

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu mmoja, mama fundi cherehani, aligongwa na gari la abiria alipokuwa akivuka barabara kwenda sokoni. Alivunjika mguu mahali pawili. Dereva hakukimbia. Polisi walifika, vipimo vikachukuliwa, na kwenye kioo cha mbele stika ya bima ilikuwepo, mhuri wake umekolea na tarehe yake haijapita. Sisi majirani tulikwenda hospitali tukamfariji mgonjwa: "Mama, shukuru Mungu, gari lina bima."

Ndugu zake walipozipeleka karatasi kwenye kampuni iliyotajwa katika stika ile, karani alifungua daftari lake, akatafuta namba, kisha akatikisa kichwa. Namba ilikuwa ya gari jingine, la mtu mwingine, katika mkoa mwingine. Kampuni haikuwa na deni lolote kwa mgonjwa, kwani haikuwahi kupokea hata senti moja kwa ajili ya gari lile. Mwenye gari naye alilia kwamba ametapeliwa na mtu aliyejiita wakala. Yule mama alirudi kazini baada ya miezi minane, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu.

Hebu tujiulize, kosa lilikuwa wapi? Askari alitazama stika, abiria walitazama stika, nasi majirani tuliisifu stika. Ukweli wote ulikuwa ndani ya daftari, na daftari lilikuwa kabatini, katika ofisi inayofungwa jioni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mali yenye daftari huisha bila habari, kama daftari lenyewe halisomwi na anayehusika.

Wazee wetu watakumbuka kwamba hapa Bara, tangu mwaka 1967, biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi. Ushindani ukaja, na wateja wakapata mahali pa kuchagua. Lakini kila kampuni ilikuja na daftari lake, stika zake na mawakala wake. Askari aliyesimama Kibaha saa nne za usiku angempigia simu nani kuuliza kama stika aliyoishika ni ya kweli? Hapo ndipo mwenye mashine ya kuchapa na mhuri wa kuchonga alipopata riziki yake.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Uingereza, ambako ndiko tulikorithi desturi ya sheria zetu za bima ya magari tangu enzi za ukoloni, ililazimisha bima kwa ajili ya watu wengine barabarani mwaka 1930. Mwaka 1960 ikaanzisha ukaguzi wa lazima wa magari, ambao hadi leo watu wa huko huuita MOT, kwa jina la Wizara ya Usafiri ya wakati ule. Mwanzoni yalikaguliwa magari yenye umri wa miaka kumi na zaidi, na kilichotazamwa hasa ni breki, taa na usukani. Kuanzia mwaka 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka mitatu. Kazi ya kukagua ilipewa gereji za watu binafsi zilizoidhinishwa na serikali.

Kwa miaka mingi cheti chao kilikuwa karatasi iliyojazwa kwa kalamu. Gereji ikivunjwa usiku, mwizi hakuhangaika na spana. Alichukua kitabu cha vyeti vitupu, na kesho yake vyeti vikawa vinauzwa mitaani. Ndipo katika mwaka 2005 na 2006 gereji zote zikaunganishwa kwenye kompyuta moja. Tangu hapo mkaguzi huandika matokeo moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu, na karatasi anayopewa mwenye gari ni kama risiti tu. Akiipoteza hapati hasara, na akiighushi hapati faida, kwa sababu askari hatazami karatasi hiyo. Anatazama kumbukumbu.

Bima nayo ikafuata njia hiyo. Kampuni zote za huko hupeleka orodha ya magari yaliyokatiwa bima kwenye daftari moja la kompyuta, linalotunzwa na Motor Insurers' Bureau, chombo cha kampuni za bima kilichoundwa mwaka 1946 ili kuwalipa watu wanaogongwa na magari yasiyo na bima. Polisi wana kamera zinazosoma namba za magari yanayopita na kuzilinganisha na daftari hilo. Sheria ya mwaka 2005 iliwapa uwezo wa kulikamata gari lisilo na bima pale pale njiani. Kuanzia mwaka 2011 ikawa ni kosa kuwa na gari lisilo na bima hata kama limeegeshwa, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa kwamba amelitoa barabarani.

Ndugu msikilizaji, kamera hizo si jambo linalonivutia zaidi. Linalonivutia ni kwamba kumbukumbu ya ukaguzi imefunguliwa kwa kila mtu. Mtu yeyote, hata akiwa Kariakoo au Mombasa, akiingia kwenye intaneti na kuandika namba ya gari lililosajiliwa England, Scotland au Wales, ataona bila malipo gari hilo lilikaguliwa lini, lilifeli kwa kasoro gani, na mita yake ilisoma umbali gani kila mara lilipokaguliwa, kurudi nyuma hadi mwaka 2005.

Jambo hili linatuhusu, kwani baadhi ya magari yaliyotumika huko huletwa kwetu. Ukiambiwa kwamba gari limetembea kidogo tu kwa sababu mwenyewe alikuwa bibi kizee wa kwenda kanisani, omba namba yake ya zamani ya Uingereza. Ukikuta kwamba mita ilisoma maili 90,000 miaka mitano iliyopita, na leo inasoma maili 60,000, hapana haja ya kubishana na dalali. Funga pochi yako uende zako. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia wakati gunia limekwisha kufunguliwa.

Na sisi je? Kwa upande wa bima tumepiga hatua ambayo watu wengi bado hawaifahamu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa kompyuta ambao kampuni za bima huandikisha humo bima zinazotolewa. Mwananchi anaweza kuuliza kwa kutumia namba ya usajili wa gari, au namba ya chesisi, akaelezwa kama gari hilo lina bima. Haihitaji cheo wala kujuana na mtu. Inahitaji simu yenye intaneti na dakika chache.

Basi kwa nini wengi wetu hatuulizi? Mazoea yana taabu. Tumezoea kwamba bima ni jambo baina ya mwenye gari na askari, kama vile sisi wengine hatumo. Mwenye gari anakata bima ili asisumbuliwe njiani, na akipata ya bei ya chini kwa mtu wa kijiweni anajiona mjanja. Lakini bima ndogo haikuwekwa kwa ajili ya askari, wala kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya yule mama wa cherehani. Mwenye haki ya kwanza ya kujua kama ni ya kweli ni abiria na mtembea kwa miguu.

Hata hivyo, tusije tukaiabudu kompyuta. Kompyuta haiingii chini ya gari. Haikanyagi breki wala haitikisi gurudumu kusikiliza kama beringi imekufa. Huandika kile ilichoambiwa. Huko Uingereza kwenyewe kumekuwa na wakaguzi waliotiwa hatiani kwa kupitisha magari ambayo hawakuyaona kabisa. Gari liko nyumbani kwa mwenyewe, na cheti kinaandikwa gereji. Tatizo hilo lilifanya mamlaka ya huko, mwaka 2025, ijaribu kuwataka wakaguzi wapige picha ya gari likiwa ndani ya chumba cha ukaguzi. Miaka ishirini ya kompyuta, na bado inabidi waulizane: je, gari lilifika?

Hili ni funzo kwetu. Kompyuta humzuia mwizi wa karatasi. Haimzuii mkaguzi anayeuza saini yake. Huyo huzuiwa na mambo mawili: msimamizi anayekuja bila kupiga hodi, na kumbukumbu iliyo wazi, ambayo jina la aliyepitisha gari limo. Basi likiua watu leo kwa breki mbovu, na jana lilipitishwa, ni lazima tuweze kuuliza ni nani aliyelipitisha.

Kwa hiyo nina maneno matatu. Kwa wenye magari: usilipie bima na kuondoka na karatasi tu. Kabla hujatoka mlangoni kwa wakala, hakikisha gari lako limeonekana katika mfumo. Ikiwa halionekani, hujakata bima, umenunua picha. Kwa wasafiri: namba ya basi imeandikwa mbele na nyuma. Isome kabla ya kupanda na uiulizie bima yake. Kondakta akikasirika, muulize anakasirishwa na nini.

Neno la tatu ni kwa wakubwa wetu wanaosimamia usafiri. Tumeweza kumwezesha mwananchi kuuliza habari za bima kwa namba ya gari. Tusiishie hapo. Magari ya abiria hukaguliwa, na kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama. Basi matokeo ya ukaguzi nayo yawe wazi kwa namba ile ile: lilikaguliwa lini, wapi, na nani, na lilikutwa na kasoro gani. Anayesafiri na watoto wake usiku kwenda Mbeya ana sababu ya kujua kuliko mtu yeyote.

Jirani yangu bado anashona. Mwezi uliopita nilimpelekea suruali anipunguzie. Aliniambia kwamba siku hizi akisimama kituoni humwomba mjukuu wake atazame namba ya gari kwenye simu kabla hawajapanda. Nikamwuliza kama watu humcheka. Akanijibu, "Wanacheka, mwanangu. Hawajavunjika mguu."

Ndugu msikilizaji, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.