Bunduki Bomani: Nani Aliyeikaribisha?

Kila mara mifugo inapoporwa kaskazini mwa Kenya au Karamoja nchini Uganda, na watu wakauawa, kauli moja husikika majukwaani na redioni: hiyo ni mila yao. Jioni hii nitaonyesha kwamba kauli hiyo inakosea mara mbili. Inaisamehe serikali deni lake, tena inazisingizia mila kosa ambalo mila hizo ndizo zilizotangulia kuumizwa nalo. Bunduki haikuzaliwa bomani. Iliajiriwa ilinde kwa kuwa mlinzi mwingine hakuwapo, kisha ikaanza kuvunja sheria za nyumba iliyoiajiri.

Wafugaji wa maeneo hayo waliijua bunduki zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 misafara ya Waswahili ilifika Karamoja na Turkana kutafuta pembe za ndovu, na haukupita muda mrefu mji wa Maji, kusini-magharibi mwa Ethiopia, ukawa soko la silaha. Waingereza nao wakaja kuzikusanya. Katika kampeni yao kubwa ya Labur ya mwaka 1918 waliwavunja nguvu Waturkana, wakawanyang'anya bunduki na mifugo. Ila majirani wa upande wa Ethiopia walibaki na zao. Aliyepokonywa silaha akawa windo la yule ambaye hakupokonywa, na ulinzi alioahidiwa ukawa haba. Naomba tukio hilo tulikumbuke, kwa kuwa litajirudia baada ya miaka zaidi ya 80, safari hiyo chini ya bendera ya nchi huru.

Upande wa Karamoja, hali iligeuka katika miaka ya 1970. Wakaramojong waliokuwa wakivamiwa na watu wenye silaha bora walijitengenezea bunduki za kienyeji kwa mabomba ya chuma, wakaziita amatida. Mtu anayekaa chini kutengeneza silaha kwa bomba, akijua inaweza kumlipukia usoni, amekwisha kukata tamaa ya kulindwa. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipomng'oa Idi Amin, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko waliokuwa jirani wakaingia ghalani na kubeba maelfu ya bunduki. Wabokora, ambao ni Wakaramojong wenzao na walikuwa wakioana nao, hawakupata mgawo kama huo. Mwaka uliofuata ukame na uporaji vilikutana. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano alikufa mwaka huo katika maeneo yaliyochunguzwa, na watoto wachanga zaidi ya nusu. Baba aliyeponea mwaka ule hakuhitaji kushawishiwa na mila yoyote ili aone kwamba nyumba isiyo na bunduki haina maziwa.

Bunduki ikaingia ndani, ikawa mali ya familia. Sasa tuangalie ilifanya nini humo. Mkuki ulikuwa na mipaka yake. Mrushaji alilazimika kusogea, aonekane, atambulikane, na nguvu za mkuki hazikuzidi nguvu za mkono wake. Juu ya mipaka hiyo jamii zilijenga sheria. Kwa Wapokot, jirani za Wakaramojong na Waturkana, mtu akimuua mwenzake ukoo mzima hulipa fidia ya damu iitwayo lapay. Malipo ni mazito hata ami na binamu huguswa mifugo yao, kwa hiyo kila mzee alikuwa na sababu ya kumchunga kijana wa mwenzake kama anavyomchunga wake. Mama naye alikuwa na mamlaka. Mshipi wa uzazi, leketyo, uliopambwa kwa kauri ambazo asili yake ni Bahari ya Hindi, ulivaliwa na mama ili kumkinga mwana aliye safarini. Mama akiuvua na kuulaza njiani mbele ya vijana wanaokwenda kupigana, ilikuwa laana kuuruka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaosema "mila yao" hawautaji mshipi huo hata siku moja.

Risasi iliyafumua hayo yote. Katika uvamizi wa usiku mitutu kumi hulia pamoja. Nani ajuaye iliyoua ilitoka kwa nani? Pasipo muuaji anayejulikana hakuna ukoo wa kudaiwa, na pasipo ukoo wa kudaiwa mzee hana sababu ya kumzuia kijana, wala uwezo. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson, katika kitabu chake kuhusu Wanuer wa Sudan Kusini kilichotoka mwaka 1996, alionyesha jinsi swali hilo lilivyowatesa wenyewe. Walijadiliana iwapo damu iliyomwagwa kwa risasi humtia muuaji unajisi ule ule wa damu ya mkuki, ilhali nguvu za bunduki zimo ndani ya bunduki na wala si katika mwili wa aliyeishika. Makamanda wa vita wakaja na jibu lililowafaa wao: vita vya serikali havina unajisi. Wanuer hao hao walinunua bunduki kwa ng'ombe wa familia, ndugu wakazimiliki pamoja, na bunduki ikaingia hata katika mahari. Kwa hiyo aliyeirekebisha mila ili iihalalishe bunduki alikuwa kamanda, kwa faida ya kamanda, huku wazee wakiendelea kuulizana.

Mpinzani wangu atasema ninaipamba historia. Uporaji wa mifugo ni wa kale kuliko risasi, na kijana aliyemuua adui alichanjwa chale za sifa. Ni kweli, na sitalificha. Lapay haikuvuka mpaka wa kabila, na mkuki nao umeacha yatima. Lakini uvamizi wa zamani ulikuwa na mlango, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mikononi mwa wazee: hapakuwa na safari bila baraka zao. Kijana mwenye AK-47 haombi ufunguo. Ndiyo maana uporaji uligeukia ndani, Wakaramojong wakawavamia Wakaramojong, na ng'ombe wakaanza kuishia kwenye malori ya wafanyabiashara badala ya zizi la mkwe. Na kama bunduki kutajwa katika mahari ni ushahidi kwamba ni utamaduni, basi fedha taslimu nazo, zinazotajwa katika mahari kote Afrika Mashariki, ni urithi wa mababu. Familia huweka katika mahari kile ambacho nyakati zimekipandisha thamani, na aliyekipandisha si lazima awe babu.

Wapo pia wanaosema maneno yametosha, jeshi liingie. Limekwisha kuingia, mara nyingi, Kenya na Uganda, na operesheni zake zina majina mazuri ya Kiswahili: Dumisha Amani, Maliza Uhalifu, Usalama kwa Wote. Kabla ya hizo ilikuwapo Wagalla nchini Kenya, Februari 1984, ambako raia wa Wajir waliokusanywa uwanja wa ndege kwa jina la kusaka silaha waliuawa na wanajeshi wa nchi yao. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 2001 watu wa Karamoja waliombwa kusalimisha bunduki kwa hiari, wakaahidiwa ulinzi, na karibu bunduki 10,000 zikasalimishwa. Miezi michache baadaye wanajeshi wakahamishwa kwenda kupambana na waasi wa Joseph Kony. Waliotii wakaporwa na wasiotii. Labur ikawa imejirudia. Kuanzia mwaka 2006 jeshi likarudi kwa kuzingira manyata alfajiri, huku mashirika ya haki za binadamu yakiandika juu ya vipigo na vifo. Silaha zilipungua, hilo sikatai, na miaka ya utulivu ikafuata. Lakini kufikia mwaka 2019 uporaji ulikuwa umeanza kurudi.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofanyika katikati ya utulivu huo. Mwaka 2013 wazee wa Karamoja walikaa Moruitit, Nabilatuk, wakapitisha azimio: aliyeiba mfugo mmoja atarudisha wawili, na wa tatu juu yake. Kwa miaka kadhaa wazee, polisi na jeshi walilitumia pamoja. Nyayo zilifuatwa hadi kwenye boma, na boma likadaiwa hata kama mwizi mwenyewe hakuonekana. Wazee walilijua tatizo lilelile la mitutu kumi usiku, wakalikwepa kwa kuacha kumtafuta mwenye kidole. Walilitaka boma zima lilipe, na kwa hilo wakamrudishia kila baba bomani sababu ya kumuuliza mwanawe, kabla giza halijaingia, anakwenda wapi.