LETHI IKILEGEA, FUNDI NDIYE HULAUMIWA

(Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa kukereza, mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kutunza mashine ya kukereza vyuma, ile tuiitayo lethi. Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana kazini nilikereza ekseli ndogo kumi na mbili, na zote zikakataliwa: upande mmoja nene, upande wa pili nyembamba. Nyapara akasema mimi mvivu, na bei ya chuma ikakatwa katika mshahara wangu. Sikuwa na la kujibu. Baadaye mzee mmoja wa karakana akaniuliza, "Kijana, umeipima mashine, au umepima ekseli tu?" Tukaipima, na kosa likaonekana. Telistoki, yaani kile kichwa cha nyuma, ilikuwa imesogea.

Basi, kupima ni hivi. Weka chuma kati ya senta mbili, ukikereze kidogo mwisho huu na mwisho ule bila kubadili kina cha kukata, kisha upime kwa maikromita. Upande wa telistoki ukiwa mnene zaidi, isogeze telistoki kuelekea kwako, iliko tulu ya kukata. Ukiwa mwembamba, isogeze mbali nawe. Sogeza nusu ya tofauti tu: tofauti ikiwa milimita 0.10, sogeza 0.05. Kereza tena, pima tena.

Jambo la pili ni slaidi inayocheza. Slaidi ikicheza, tulu hutetemeka na uso wa chuma hutoka na mawimbi. Katika mashine nyingi, ubavuni mwa slaidi mna ukanda mwembamba uitwao gibu, unaosukumwa na skrubu ndogo. Legeza nati za kufungia, kaza skrubu moja moja hata mpini uanze kuwa mzito, rudisha kidogo, kisha zuia skrubu kwa bisibisi huku ukikaza nati. Halafu endesha slaidi mwendo wake wote. Slaidi huliwa zaidi pale inapofanya kazi kila siku. Ukiikaza ifae pale palipoliwa, huenda ikakwama mwishoni. Hapo skrubu haziponyi tena. Reli zataka kusawazishwa upya, na gharama hiyo si ya fundi.

Tatu, ile skrubu ndefu iendeshayo slaidi huliwa pamoja na nati yake, hata mpini huzunguka kidogo kabla slaidi haijasogea. Ukiipita namba uliyoitaka, usirudi hapo hapo. Rudi nyuma zaidi, kisha uje mbele mpaka kwenye namba.

Lakini dawa ya kwanza ni usafi. Vumbi la chuma cha kusubu na la msasa likichanganyika na mafuta hula reli usiku na mchana. Ondoa kwa brashi, wala usipulize kwa hewa ya pampu, maana hewa huyasukuma ndani. Asubuhi, kabla ya kuanza, pangusa reli uzitie mafuta yake. Grisi hushika uchafu. Na kabla hujagusa gibu wala nati, zima swichi kuu, na ufunguo wa chaki usiachwe ndani ya chaki hata dakika moja.

La mwisho, ndugu zangu, ni daftari. Andika tarehe, ulichopima, na jina la mkubwa uliyemwambia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze mashine ziwe salama, nasi yatutaka tutoe habari ya hatari tunayoiona. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yaruhusu mshahara ukatwe kwa hasara ya mali iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Chuma kilichoharibiwa na telistoki iliyosogea si kosa la makusudi. Lakini nani atakuamini bila maandishi? Mimi ningalikuwa na ukurasa mmoja tu siku ile, mwakilishi wa chama angalikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Basi kesho, kabla ya kazi, pimeni mashine zenu, mkaandike.