Bomba la Dar, mvua ya Uluguru

Msikilizaji, ukifungua bomba Dar es Salaam, sehemu kubwa ya maji hayo ni ya Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Mwanao anayajua hayo? Mpe karatasi aikunjekunje iwe milima, kisha ainyunyizie maji. Ataona kila tone likifuata bonde lake, likikokota hata vumbi. Hapo ataelewa kwa nini msitu ukifyekwa juu, tope hufika chini.

Tukitaka somo hili lifike shuleni, walimu watasema, na wana haki, kwamba mtaala umejaa na madarasa yamefurika. Lakini tukitazama upande wa pili, somo hili ladai karatasi na kikombe cha maji tu.

Na mtoto akishaelewa, atatuuliza: mkulima wa Uluguru anayeiacha miti isimame, sisi wa mjini tunamlipa nini?